Mnato wa damu na modeli zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi kila siku toka kwa wanafunzi wa uhandisi tiba, watu wa maabara na wale wanaofanya simulesheni za mishipa kwenye kompyuta. Mengine yanatoka kwa watu wa kawaida tu waliosikia wana "damu nzito" wakataka kujua zaidi, nao karibuni, ila kama unaumwa nenda hospitali, hapa tunaongea hesabu za mnato, yaani ugumu wa damu kutiririka, na modeli, yaani fomula za kuukadiria.

Kwani damu si kimiminika tu? Kwa nini isiwe na mnato mmoja kama maji?

Maji uyakoroge taratibu uyakoroge kwa fujo mnato wake ni ule ule, kwenye nyuzi joto 37 ni kama 0.7 mPa·s (milipaskali-sekunde, uniti ya mnato) basi, na ndio maana tunasema ni kimiminika cha Newton. Plazma peke yake nayo inakaribia tabia hiyo, ina kama 1.2 hadi 1.3. Kazi inaanza ukirudisha seli nyekundu humo ndani maana kwa mwanaume mzima karibu asilimia 45 ya ujazo wa damu ni hizo seli (asilimia hiyo ndiyo inaitwa hematokriti), na zina vituko viwili. Cha kwanza, damu ikienda polepole seli zinanatana ubapa kwa ubapa na kujipanga kama sahani kabatini, halafu safu moja inashikana na nyingine, na protini ya fibrinojeni kwenye plazma ndiyo inayochochea hayo yote. Cha pili, ukiongeza kasi zile safu zinavunjika, ukizidi kuongeza seli zenyewe zinavutika na kulala kufuata mkondo kwa sababu ni laini. Kwa hiyo damu ikikimbia inakuwa nyepesi, ikipunguza mwendo inakuwa nzito.

Shu Chien alilionyesha hili vizuri sana mwaka 1970. Alichukua seli za kawaida ndani ya plazma, akachukua seli za kawaida ndani ya maji ya albumini ambamo hazinatani, halafu akachukua seli alizozifanya ngumu kwa kemikali. Za kwanza mnato ulipanda sana kwenye mwendo mdogo, za pili haukupanda kiasi kile, na zile ngumu mnato ulibaki juu hata kasi ikiongezwa. Yaani jaribio moja tu limetenganisha kunatana na ulaini, modeli zote tunazozisema huku chini zinajaribu kubana mambo hayo mawili ndani ya fomula moja.

"Kasi ya mtelezo" ndio nini? Naiona kwenye kila fomula.

Ni kipimo cha tabaka moja la damu linavyoteleza juu ya tabaka la jirani yake, yaani tofauti ya kasi gawanya kwa umbali kati yao, uniti yake ni "kwa sekunde" (1/s). Ukutani mwa mshipa inakuwa kubwa kuliko kote, katikati kabisa ya mshipa inakuwa sifuri. Hapo wengi wanapitiwa, wanasema mshipa huu una kasi ya mtelezo 400 kana kwamba ni namba moja kwa mshipa mzima.

Kukisia ya ukutani ni rahisi, zidisha wastani wa kasi kwa 8 halafu gawanya kwa kipenyo. Ateri ya milimita 6 yenye mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde: 8 × 0.3 ÷ 0.006 = 400 kwa sekunde. Vena ya milimita 10 inayotambaa kwa sentimita 5 kwa sekunde inatoa 40 tu. Fanya hesabu hii kabla hujafungua softiwea yoyote, inachukua nusu dakika na itakuokolea wiki nzima ya kubishana na supavaiza kuhusu modeli.

Nianze na modeli gani mimi mgeni?

Anza na mnato mmoja usiobadilika, 3.5 mPa·s, msongamano kilo 1060 kwa mita ya ujazo, na fomula ya Poiseuille. Najua watu wanaiona ya kizamani. Poiseuille alikuwa daktari Mfaransa, akafanya majaribio miaka ya 1830 na 1840 akitaka kuelewa damu kwenye mishipa midogo, ila akaishia kupitisha maji kwenye mirija ya kioo maana damu ilikuwa inaganda na enzi hizo hakukuwa na dawa ya kuizuia. Hagen wa Ujerumani akafika pale pale kivyake mwaka 1839. Mtiririko unafuata nusu kipenyo kwa kipeo cha nne na unapungua kadiri mnato unavyopanda.

Sasa cheza nayo kidogo. Mnato ukipanda kwa asilimia 20 na vingine vyote vikabaki hivyo hivyo, mtiririko unashuka kama asilimia 17. Mshipa ukisinyaa nusu kipenyo chake kwa asilimia 20, mtiririko unashuka kama asilimia 59. Mimi kila anayeniuliza kuhusu modeli ya kisasa namuuliza kwanza kipenyo chake kakipima vipi, maana mtu anatumia fomula ya vigezo vitano kwenye mshipa aliouchora kwa kukisia toka kwenye picha ya CT yenye ukungu.

Power law, Casson, Carreau... zinatofautianaje kwa kweli?

Power law ni mnato = k × (kasi ya mtelezo) kwa kipeo (n − 1), k na n ni vigezo vinavyotoka kwenye vipimo, n ikiwa chini ya 1. Ni nyepesi kuandika na ukitaka kutatua kwa mkono inakubali, lakini kasi ikienda sifuri mnato unakwenda kusikojulikana, na kasi ikiwa kubwa sana mnato unazidi kushuka hadi unakuwa mwepesi kuliko plazma yenyewe, kitu ambacho hakipo. Itumie ndani ya eneo dogo tu ulilolipima.

Casson inatoka mwaka 1959 na haikutengenezwa kwa ajili ya damu, ilikuwa ya wino wa kuchapia, na watu wa chokoleti nao wanaitumia mpaka leo. Inasema: mzizi wa mkazo = mzizi wa mkazo wa kuanzia + mzizi wa (mnato wa Casson × kasi ya mtelezo). Huo mkazo wa kuanzia maana yake usiposukuma kufikia hapo damu haisogei, kwa damu ya kawaida ni mdogo sana, karibu 0.005 Pa. Kuna ubishi wa muda mrefu kama upo kweli au ni damu tu inayosogea polepole kuliko chombo kinavyoweza kuona. Mimi nauchukulia kama namba ya kusaidia hesabu, sigombani na mtu.

Carreau haina mkazo wa kuanzia, ina mnato wa mwisho pande mbili, mmoja wa mwendo mdogo (m0) na mmoja wa mwendo mkubwa (m∞), na mteremko katikati unaopangwa na λ na n: mnato = m∞ + (m0 − m∞) × [1 + (λ × kasi ya mtelezo)²] kwa kipeo cha (n − 1)/2. Carreau-Yasuda ni hiyo hiyo ikiongezwa kigezo kimoja cha kurekebisha kona ya mteremko. Cross na Quemada nazo ni ndugu wa ukoo huo, Quemada nzuri zaidi ukitaka hematokriti iingie yenyewe kwenye fomula.

Nimepiga hesabu ya Casson (mkazo wa kuanzia 0.005 Pa, mnato 3.5 mPa·s) na Carreau yenye namba zile zinazotumiwa na kila mtu (nimezitaja kwenye swali linalofuata), majibu kwa mPa·s ni haya:

Kasi 0.1 kwa sekunde: Casson 80, Carreau 54
Kasi 1: Casson 17, Carreau 27
Kasi 100: Casson 4.4, Carreau 4.7
Kasi 1000: Casson 3.8, Carreau 3.7

Angalia vizuri. Huku chini kwenye 100 na 1000 zimekaribiana kiasi kwamba tofauti ya hematokriti ya mgonjwa mmoja na mwingine inazimeza, huku juu zinapishana vibaya tena zinabadilishana nani mkubwa. Kwa hiyo ukiwa na ateri kubwa isiyo na tatizo chagua yoyote, na ukiwa na sehemu ambayo damu inazunguka zunguka au inalala, kama ndani ya uvimbe wa mshipa, nyuma ya valvu za vena au mara tu baada ya sehemu iliyoziba nusu, hapo ndipo uchaguzi wako unabadilisha jibu na lazima uueleze kwenye ripoti.

Zile namba 0.056, 0.00345, 3.313 na 0.3568 mbona ziko kila mahali? Nizikopi tu?

Hizo ni vigezo vya Carreau walivyotoa Cho na Kensey mwaka 1991: m0 ni 0.056 Pa·s, m∞ ni 0.00345 Pa·s, λ ni sekunde 3.313, n ni 0.3568. Ni nzuri kwa damu ya mtu mzima mwenye hematokriti ya kawaida, na kwa sababu kila mtu anazitumia ni rahisi kulinganisha kazi yako na ya mwenzako. Kukopi sio dhambi. Dhambi ni kuzipeleka kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ambaye hematokriti yake ni 24 ukadhani bado zinafanya kazi.

Halafu kuna jambo la uniti ambalo linaangusha watu wengi mno kwenye OpenFOAM, softiwea ya bure ya simulesheni za mtiririko. Zile soluva (programu zake za kutatua hesabu) za vimiminika visivyobanika zinataka mnato uliokwisha kugawanywa kwa msongamano, sio Pa·s. Kwa hiyo kwenye modeli ya BirdCarreau nu0 unaandika 5.28e-5 na nuInf unaandika 3.25e-6 (yaani 0.056 na 0.00345 gawanya 1060), k ndio ile 3.313, n inabaki vile vile. Ukiandika 0.056 moja kwa moja simulesheni itakimbia vizuri tu bila kulalamika na damu yako itakuwa nzito mara elfu moja na sitini. Presha nayo inatoka ikiwa imegawanywa kwa msongamano, izidishe kwanza ndio uilinganishe na za hospitali.

Hematokriti inaingiaje? Si kuna fomula ya Einstein?

Ipo, ya mwaka 1906, akaisahihisha 1911: mnato = mnato wa plazma × (1 + 2.5 × sehemu ya chembe). Ukiweka 0.45 na plazma ya 1.2 unapata kama 2.6, wakati damu halisi kwenye mwendo mkubwa ni 3 hadi 4. Inakosea kwa sababu ilitengenezwa kwa chembe chache zilizo mbali mbali, sisi tunazo zimebanana. Ila kinachonishangaza ni upande wa pili, vipira vigumu vikifika karibu asilimia 60 ya ujazo mchanganyiko wake hautiririki tena, lakini seli nyekundu unaweza kuzikusanya mpaka asilimia 95 na kuzidi na bado zinatiririka. Ni ule ulaini.

Kwenye karatasi ya majibu ya maabara hematokriti utaikuta imeandikwa HCT au PCV. Ikipanda, mnato haupandi kwa mstari ulionyooka, unajikunja kwenda juu, toka 45 kwenda 60 ni mbali kuliko toka 30 kwenda 45. Ukitaka modeli inayoichukua moja kwa moja tafuta Quemada au ya Walburn na Schneck ya 1976, hii ya pili inaingiza na protini za plazma.

Wanariadha wa Iten wanaishi mita 2,400 juu ya bahari, si damu zao zitakuwa nzito?

Mwinuko unafanya mwili utengeneze seli nyekundu zaidi, ndio faida yenyewe, zinabeba oksijeni. Mnato unapanda kidogo lakini plazma nayo kwa wakimbiaji waliozoea mazoezi huwa nyingi, kwa hiyo hematokriti peke yake haikuambii mtu ana seli ngapi kwa jumla. Hatari ni kwa anayejidunga EPO (homoni inayochochea mwili kutengeneza seli nyekundu) akapandisha mpaka huko juu halafu akapungukiwa maji kwa jasho. Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kiliweka mwaka 1997 kikomo cha hematokriti cha asilimia 50 kwa wanaume, aliyezidi alikuwa hapandi baiskeli.

Kwenye mishipa midogo kabisa modeli hizi zinafanya kazi?

Hapana, na hapa ndio pazuri. Mwaka 1931 Fåhræus na Lindqvist walionyesha kwamba mrija ukiwa mwembamba chini ya milimita 0.3 hivi, damu inaonekana kuwa nyepesi zaidi kadiri mrija unavyozidi kuwa mwembamba. Sababu ni kwamba seli zinakimbilia katikati, ukutani linabaki tabaka la plazma tupu linalolainisha njia, halafu kwa vile seli ziko katikati kwenye kasi zinapita haraka kuliko plazma, na kwa hiyo hematokriti ndani ya mrija inakuwa ndogo kuliko ya kwenye ndoo ilikotoka.

Pries na wenzake mwaka 1992 walikusanya vipimo vya mirija ya kioo wakatoa fomula ya hematokriti 45, D ikiwa kipenyo kwa maikromita: mnato ukilinganisha na plazma = 220 × e^(−1.3 D) + 3.2 − 2.44 × e^(−0.06 × D^0.645). Ukiweka D 100 unapata 2.4, ukiweka 10 unapata 1.3, yaani damu inakaribia plazma tupu! Ukishuka mpaka 3 inaruka kufika 5.5 maana seli yenye upana wa maikromita 8 sasa inabidi ijikunje kupita. Usiipeleke hii kwenye mshipa hai bila kufikiri, ndani ya mshipa wa kweli kuna utando laini ukutani unaoongeza ukinzani, na ndio maana 1994 walitoa nyingine kwa ajili ya mwilini ambayo namba zake ziko juu zaidi.

Moyo unapiga, mbona mnazungumza kama mtiririko umetulia?

Swali zuri. Tumia namba ya Womersley (ya mwaka 1955): nusu kipenyo × mzizi wa (masafa ya moyo kwa radiani × msongamano ÷ mnato). Kwa aota ya nusu kipenyo sentimita 1.25 na mapigo 72 kwa dakika inatoka karibu 19, ina maana hali ya kusukumwa na kurudi inatawala na ile picha ya mkunjo mzuri wa Poiseuille haipo. Kwa kijiateri cha nusu kipenyo maikromita 25 inatoka 0.04, hapo damu inafuata presha papo hapo, tumia ya kutulia bila wasiwasi.

Kuna na jambo la damu kuwa na "kumbukumbu", zile safu za seli zinachukua sekunde kadhaa kujijenga tena baada ya kuvunjwa na pigo la moyo halisubiri. Casson na Carreau hazijui hilo kabisa, zinadhani safu zinajengeka papo hapo kila mwendo unaposhuka. Kwa hiyo katika mtiririko wa mapigo modeli hizo zinaweza kukuzidishia mnato sehemu ambazo damu ilitulia kwa robo sekunde tu.

Selimundu (siko seli) inabadilisha nini kwenye modeli?

Inabadilisha karibu kila kitu. Tanzania ni moja ya nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye ugonjwa huu, na Congo ya Kinshasa vile vile, kwa hiyo kwetu sio swali la pembeni. Hemoglobini S ikipoteza oksijeni inajiunga nyuzi nyuzi ndani ya seli, seli inakuwa ngumu, na mnato sasa unategemea oksijeni, kitu ambacho hakimo popote kwenye Carreau. Ukitumia namba za kawaida umeandika hadithi.

Lakini angalia kitu cha ajabu, mgonjwa huyu ana upungufu wa damu, hematokriti yake iko chini, na huo upungufu kwa namna fulani unamfidia ule ugumu wa seli. Ndio maana anapoongezewa damu madaktari wanakuwa waangalifu wasiipandishe hemoglobini yake kupita gramu 10 au 11 kwa desilita, maana unaweza kumpa oksijeni kwa mkono mmoja na kumzibia njia kwa mkono mwingine. Dawa ya haidroksiurea inaongeza hemoglobini ya kichanga ambayo inazuia zile nyuzi. Malaria ya falsiparamu nayo inafanya seli ziwe ngumu tena zinate ukutani mwa mishipa midogo, hapo modeli ya mnato peke yake haitoshi, unahitaji inayohesabu seli moja moja.

Nimepewa "dawa ya kuyeyusha damu", mnato wangu utashuka?

Hapana. Aspirini inazuia chembe sahani zisishikane, warfarini inazuia protini za kugandisha zisitengenezwe vizuri. Zote zinapunguza uwezekano wa damu kuganda, mnato unabaki karibu pale pale. Anayetaka kushusha mnato wenyewe anashusha seli au protini: mwenye polisithemia vera (ugonjwa wa kutengeneza seli nyekundu nyingi mno) anatolewa damu mpaka hematokriti ibaki chini ya 45 (utafiti mkubwa wa CYTO-PV wa 2013 ulionyesha walioachwa juu ya hapo walipata matatizo ya moyo na mishipa zaidi), na mwenye ugonjwa wa Waldenström, ambaye plazma yake imejaa protini kubwa za IgM, plazma inachujwa kwa mashine. Kunywa maji kunasaidia kama ulikuwa umekaukiwa. Kama hukukaukiwa figo zitayatoa tu. Na usiache dawa kwa sababu umesoma hapa, tafadhali.

ESR ya maabara inahusiana na haya?

Sana. ESR ni kipimo cha kasi ya seli nyekundu kuzama kwenye mrija uliosimamishwa. Kinachofanya seli zishuke haraka kwenye ule mrija ni kunatana kule kule kwenye safu, fibrinojeni ikipanda kwa sababu ya uvimbe au maambukizi safu zinakuwa ndefu zinazama haraka. Huyo huyo Fåhræus wa juu ndiye aliyeisoma kwa kina miaka ile ya 1918 hadi 1921. Ila huwezi kuchukua ESR ukaigeuza kuwa mnato moja kwa moja.

Nikitaka kupima mwenyewe?

Tafuta viskomita ya koni na sahani au ya mitungi miwili, viskomita ya mrija wa kioo inakupa namba moja tu na kwa damu namba moja haitoshi. Damu ya EDTA (yenye dawa ya kuizuia isigande), ipime ndani ya saa chache tangu itolewe, na joto lishike kwenye 37 kweli kweli maana kila nyuzi moja ikishuka mnato unapanda kama asilimia 2, chumba chenye kiyoyozi kinakudanganya kirahisi. Igeuze geuze chupa taratibu kabla ya kupima kwa sababu seli zinazama. Anza na kasi kubwa ushuke, halafu rudia kupanda, kama mistari miwili haifanani umeona ile "kumbukumbu" kwa macho yako. Na andika hematokriti pembeni ya kila sampuli, kipimo cha mnato kisicho na hematokriti hakuna mtu atakayeweza kukitumia.

Softiwea gani ya bure?

SimVascular kama unaanzia kwenye picha za CT au MRI za mgonjwa, inakuchorea mshipa mpaka kwenye matokeo. OpenFOAM kama unapenda kuandika mafaili mwenyewe. HemoCell ya Chuo Kikuu cha Amsterdam kama unataka kuona seli moja moja zikijikunja, hiyo ujiandae na kompyuta yenye nguvu, laptopu yako itapiga feni usiku kucha kwa kamrija ka maikromita hamsini.